Bunduki Zilizogeuka Kiti

Wasomaji wetu huyasikia kanisani, siku za Majilio, yale maneno ya nabii Isaya juu ya mataifa yatakayofua panga zao ziwe majembe. Tumeyasikia mara nyingi hata yamekuwa kama wimbo: sikio lapokea, moyo watulia, kisha twarudi nyumbani kula. Ni wachache wanaojiuliza kazi hiyo ingefanywaje. Nani ataleta upanga wake kwanza, hali jirani yake bado anao wa kwake? Atapewa nini badala yake? Moto utawashwa wapi, na fundi ni nani? Katika nchi ya Msumbiji watu waliyapokea maneno ya nabii kama kazi ya kufanywa kwa mikono, wakaianza mwaka 1995. Tutaeleza walivyofanya, kwa maana katika kazi ile kilizaliwa kitu ambacho nabii hakukitaja, ndicho sanamu.

Tukitazame kwanza kimoja cha vitu hivyo. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, kuna kiti cha chuma chenye kimo cha mita moja na kidogo. Kina mgongo, kina mikono, kina miguu minne, kama kiti cha mzee wa baraza. Kwa mbali waona kiti tu. Ukikaribia, waona kwamba mikono ni bunduki, mgongo ni bunduki, na miguu nayo ni vipande vya bunduki. Fundi wake ni Cristóvão Canhavato, ambaye watu humwita Kester. Alikiunda Maputo mwaka 2001. Waingereza walikinunua mwaka 2002, wakakiita Kiti cha Enzi cha Silaha.

Mgongo wake ni bunduki mbili za aina ya G3, ambazo askari wa Ureno walizibeba walipowapiga vita wapigania uhuru. Nyingine, zikiwemo za ukoo wa Kalashnikov, zile ziitwazo AK, zilitoka Muungano wa Kisovyeti, Poland, Chekoslovakia na Korea ya Kaskazini. Tuhesabu basi. Ulaya imo, Asia imo. Hakuna silaha hata moja katika kiti kile iliyotengenezwa Afrika. Waafrika walileta vitu viwili tu, maiti na fundi.

Juu kabisa, katika vitako vya zile bunduki za Kireno, mtazamaji huona kama uso wa mtu: matundu ya skrubu ni macho, na mwanya wa kupitishia mkanda ni mdomo unaocheka. Kester hakuuchonga uso huo. Kiwanda kilitoboa matundu kwa kazi yake, askari akaubeba mkanda begani asione neno. Fundi akasimamisha kitako juu, na uso ukajionyesha.

Kwa nini kiti? Watu wa Katanga hawahitaji maelezo marefu. Wakubwa wa Kiluba walikuwa na viti vya enzi vya mti, vinavyobebwa kichwani na mikononi na sanamu ya mwanamke. Vingine vimo hata leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mkubwa hakukaa juu ya mti tu, alikaa juu ya wahenga wake. Kiti humwambia kila apitaye mwenye kukaa amepata wapi uwezo wake. Kiti cha Kester chasema neno lilelile kwa ukali: mtawala wa siku zile alikalia bunduki. Tena ni kiti kisichofaa kukalia. Hakina mto, na vyuma vyake vingemchoma mwenye kukaa.

Tumtaje pia mwenye kuibuni ile AK. Mikhail Kalashnikov alizaliwa mwaka 1919 katika jamaa ya wakulima wa Urusi. Bunduki yake ya mwaka 1947 ina vipande vichache, haiogopi mchanga wala tope, na hata mtoto aweza kujifunza kuifungua na kuifunga. Ndiyo sababu majeshi yaliipenda, na ndiyo sababu ilitiwa mikononi mwa watoto. Katika uzee wake aliwahi kusema afadhali angebuni mashini ya kuwafaa wakulima. Mwaka 2012, amekwisha pita miaka 90, alimwandikia Patriarki Kirill wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi kwamba roho inamuuma, akauliza kama yeye, Mkristu, ana hatia ya watu waliouawa kwa kazi ya mikono yake. Alifariki Desemba 2013, na mwezi uliofuata barua ile ikachapwa gazetini.

Vita, na bunduki zilizobaki

Msumbiji ilianza kupigana na Ureno Septemba 1964, ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Furaha haikudumu. Kuanzia mwaka 1977 ndugu walipigana na ndugu, serikali ya Frelimo upande huu, Renamo upande ule, waliosaidiwa kwanza na Rhodesia ya siku zile, kisha na serikali ya ubaguzi ya Afrika ya Kusini. Vita vilidumu yapata miaka 15. Watu wapata milioni moja walikufa kwa silaha, kwa njaa na kwa magonjwa. Mamilioni waliacha nyumba zao, wengi wakakimbilia Malawi.

Viongozi wa makanisa ndio waliothubutu kwanza kuonana na watu wa msituni. Mwaka 1989 walikutana na wajumbe wa Renamo mjini Nairobi. Mwaka uliofuata, Julai 1990, mazungumzo yalianza Roma katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio. Wapatanishi walikuwa wanne: Andrea Riccardi, padri Matteo Zuppi aliyekuja kuwa kardinali wa Bologna, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, na mbunge Mwitalia Mario Raffaelli. Miaka miwili na zaidi ilipita katika kusemezana. Tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama walitia sahihi.

Wino ulikauka, lakini bunduki hazikujua kusoma. Askari wa Umoja wa Mataifa walikusanya silaha nyingi kati ya mwaka 1992 na 1994, ila nyingi hazikuharibiwa, na nyingine zisizohesabika zilikuwa zimefichwa: chini ya sakafu, shimoni porini, juu ya dari. Mwenye kuficha alikuwa na sababu zake. Huyu alisema vita vyaweza kurudi. Yule alitaka kuwinda. Mwingine, mwenye njaa, aliona kwamba bunduki ni mali iliyobaki peke yake, aweza kuiuza ng'ambo ya mpaka au kuitumia usiku barabarani. Polisi wa Afrika ya Kusini waliona silaha za Msumbiji zikitokea katika ujambazi wa miji yao, hata tangu mwaka 1995 wakashirikiana na polisi wa Msumbiji kuyatafuta maficho na kuyalipua. Bunduki iliyotiwa mafuta na kufungwa vizuri yaweza kungoja miaka mingi ardhini.

Jembe kwa bunduki

Hapo ndipo alipoinuka Dinis Sengulane, askofu wa Kianglikana wa Lebombo, ambaye alikuwa mmoja wa wale waliowatafuta watu wa Renamo kwa ajili ya amani. Pamoja na Baraza la Wakristu la Msumbiji alianzisha mwaka 1995 kazi iliyopewa jina la Kireno Transformação de Armas em Enxadas, yaani kugeuza silaha ziwe majembe.

Shauri lake lilikuwa la mtu anayeyajua maisha ya maskini. Ukimwambia mtu atupe bunduki yake, umemwomba akae mikono mitupu. Kwa hiyo aliyeleta silaha alipewa kitu cha kumpatia chakula: jembe, baiskeli, cherehani, plau, mabati ya kuezekea, simenti. Kijiji kimoja kilichokusanya silaha zake pamoja kilipata trekta. Tena mleta silaha hakuulizwa ameipata wapi wala ameifanyia nini. Neno hili la mwisho tunalisisitiza, kwa kuwa wengine walilichukia, wakasema ni kumzawadia mkosaji. Sisi twaona askofu alichagua vema. Mtu anayeogopa gereza haleti bunduki, huizika chini zaidi.

Jumba la makumbusho la London laandika kwamba kazi hii ilikusanya silaha zaidi ya 600,000. Hesabu hiyo ni kubwa. Lakini katika nchi ile silaha zilihesabiwa kwa mamilioni.

Hapa tuseme jambo ambalo wengi hulikosea. Majembe waliyopewa watu hayakufuliwa kutokana na bunduki zao. Yalikuwa majembe mapya, yaliyopatikana kwa misaada. Mhunzi yeyote atawaambia sababu: jembe lataka bapa pana la chuma, na bunduki ni mrija mwembamba pamoja na vipande vidogovidogo vingi. Jina la kazi lilikuwa la kinabii. Kazi yenyewe ilikuwa biashara ya kubadilishana, kitu kwa kitu. Na mwisho wa biashara hiyo wazee wa Baraza walijikuta na milima ya chuma chakavu ambacho hakuna aliyekitaka. Wangeweza kukizika. Wangeweza kukiyeyusha chote. Waliwaita wachongaji.

Karakana ya Maputo

Mjini Maputo kuna chama cha wasanii kiitwacho Núcleo de Arte, kilichoanzishwa mwaka 1921. Mchoraji mkubwa Malangatana alipitia humo. Huko ndiko walikofanya kazi Kester na wenzake, kama Fiel dos Santos, Hilário Nhatugueja, Adelino Serafim Maté na Gonçalo Mabunda. Wote walikuwa wamekua katika miaka ya vita.

Silaha haiendi moja kwa moja kwa msanii. Risasi na mabomu hayafiki karakanani kamwe. Hulipuliwa mbali na watu waliosomea kazi hiyo. Bunduki hukatwa mpaka isiweze tena kufyatua. Ndipo msanii hupata fungu lake: mitutu, vitako vya mbao na vya chuma, visanduku vya risasi vilivyopinda kama ndizi, springi, vifyatulio, na maganda ya kila namna, yote yenye kutu na harufu ya mafuta ya zamani.

Mchonga mti huanza na gogo lisilo na jina, akaondoa na kuondoa mpaka sanamu itoke. Mwenye kuunda kwa vyuma chakavu huanza na vitu vilivyokwisha kuwa na umbo, na jina, na kazi. Yeye haondoi, huongeza. Hukaa mbele ya fungu lake kwanza, akitazama tu, akikigeuza kipande huku na huku kama mama achaguaye mhogo sokoni. Kisanduku kilichopinda chaweza kuwa bawa. Springi yaweza kuwa shingo ya ndege. Mitutu mitatu midogo ikishikamana yafanya mguu wa mbuzi. Asipokuwa na subira ya kutazama, hata awe hodari wa moto, atatoa takataka zilizoshikamana.

Kisha huja kulehemu, na hapa ninyi wanafunzi wa shule za ufundi mtatuelewa vema. Mashini ya umeme huyeyusha ncha ya fimbo ya kulehemia pamoja na kingo za vyuma viwili, navyo vikipoa huwa kitu kimoja. Lakini chuma cha bunduki si cha namna moja. Mtutu ni mnene, wastahimili moto mkali. Mwili wa bunduki ya AKM ni bati la milimita moja hivi, lililokunjwa kwa mashini. Moto ukizidi kidogo, hutoboka. Mafuta, rangi na kutu havina budi kusafishwa kwa brashi ya waya, kwa maana chuma kichafu hakishikani vizuri. Vipande vya mbao hutolewa kabla, visije vikawaka. Fundi hushikiza kwanza kwa nukta ndogo, akarudi nyuma hatua tano kutazama kama sanamu inasimama sawa, na hapo tu ndipo hulehemu kabisa. Kiti chenye miguu minne isiyolingana hakitasimama, hata kiwe na maana nyingi namna gani.

Msanii angeweza kuficha asili ya vyuma vyake kwa rangi na kwa tupa. Mafundi wa Maputo hawakufanya hivyo. Bunduki ikifuliwa jembe, hutoweka, na mkulima atakayelima nalo baada ya miaka 20 hatajua. Katika sanamu bunduki yabaki kuonekana kuwa bunduki, ila imekufa, nawe waijua kuwa imekufa. Mjane aweza kuitazama na kusema: kitu cha namna hii ndicho kilichomchukua mume wangu, na sasa ni mguu wa kiti. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wanaosema sanamu zile ni mapambo yaliyofuata baada ya kazi yenyewe kwisha. Jembe lililisha watoto. Sanamu ilishuhudia mbele ya watu kwamba silaha iliyotolewa haikurudi ghalani kungoja mwenyewe mwingine. Na bila ushahidi huo, ni nani angeleta ya pili?

Tusisahau pia kwamba bendera ya Msumbiji, iliyokubaliwa mwaka 1983, ina alama tatu juu ya nyota: kitabu, jembe na bunduki ya AK. Wengine wameomba bunduki iondolewe, bado imo. Hivyo mtoto wa Maputo aweza kuiona bunduki ileile juu ya mlingoti wa shule, na tena karakanani, imegeuka mkia wa ndege.

Mwaka 2004 wasanii wanne, Kester, Fiel dos Santos, Nhatugueja na Maté, waliunda kwa silaha zilizokatwa mti mkubwa, kimo chake mita tatu na zaidi, wenye matawi na majani, na wanyama kandokando ya shina. Waliuita Mti wa Uzima, nao ulipelekwa London mwaka 2005.

Maulizo yasiyokwepeka

Msomaji mwenye akili amekwisha kuuliza: mbona vitu hivi viko London? Swali hili ni la haki. Msanii wa Afrika hula kwa kuuza, na mwenye fedha ya kununua sanamu yuko mbali. Gonçalo Mabunda, aliye mashuhuri kwa viti na vinyago vya silaha, alionyesha kazi zake mwaka 2015 huko Venezia, penye maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia. Twamfurahia. Hata hivyo yasikitisha kwamba mwanafunzi wa London hukiona kile kiti bila malipo, na mwanafunzi wa Nampula hukiona katika picha, akiwa na bahati. Kwa upande mwingine, kiti hakikufungiwa kabatini. Mwaka 2005 na 2006 kilizungushwa Uingereza, katika shule, makanisa, hata gerezani, na watu ambao hawajaona vita waliketi kukizunguka wakajadiliana. Nchi zinazotengeneza silaha zina haja ya kukitazama kuliko sisi.

Swali la pili ni gumu zaidi. Je, amani ilidumu? Misaada haikutosha siku zote, na walioleta silaha mara nyingine walingoja malipo yao. Mwaka 2013 mapigano kati ya serikali na watu wa Renamo yalizuka tena katikati ya nchi, yakamalizwa kwa mkataba mwingine, tarehe 6 Agosti 2019. Na kaskazini, katika jimbo la Cabo Delgado, ambako watu wengi hukijua Kiswahili na wenyeji wa pwani husema Kimwani, lugha iliyo ndugu yake, vita vipya vilianza Oktoba 2017 katika mji wa Mocímboa da Praia. Mamia ya maelfu walikimbia. Septemba 2022 washambuliaji walifika misioni ya Chipene, katika jimbo jirani la Nampula, wakamwua Sista Maria De Coppi, Mkomboni Mwitalia aliyepita miaka 80, aliyekuwa amewatumikia watu wa Msumbiji tangu mwaka 1963.

Basi silaha zaidi ya 600,000 zilikusanywa, nyingine zikaja. Yeyote asemaye kwamba sanamu humaliza vita anawadanganya watoto. Mafundi wa Maputo, kadiri tujuavyo, hawakuahidi hivyo. Waliahidi kwamba bunduki hii, iliyo mkononi mwangu, haitaua tena. Na ahadi hiyo waliitimiza kwa kila moja waliyoilehemu.

Na kwetu Kongo?

Sisi nasi tunaye fundi wa namna hii. Freddy Tsimba alizaliwa Kinshasa mwaka 1967, akasoma uchongaji katika Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, akamaliza mwaka 1989. Wasomaji wa siku nyingi watapenda kukumbuka asili ya chuo hicho: kilianzishwa mwaka 1943 huko Gombe-Matadi na Frera Marc Wallenda wa Mafrera wa Shule za Kikristu, kikiitwa shule ya Mtakatifu Luka, kikahamishwa Léopoldville mwaka 1949. Baada ya shule, Tsimba alikwenda kujifunza moto kwa mafundi wa kuyeyusha na kulehemu. Vita vya mwaka 1996 na vile vya mwaka 1998 vilipoijaza nchi maganda ya risasi, aliyaokota, akaunda miili ya watu: wanawake wajawazito, watu wasio na vichwa, mama na mtoto. Ngozi ya sanamu ni maganda mamia na mamia, kila moja limekwisha kutoa risasi yake mahali fulani.

Yeye hakungoja baraza wala askofu amletee chuma. Hukusanya pia vijiko, funguo, mitego ya panya na mapanga. Kwa mapanga 999 alijenga nyumba nzima. Katika Kongo panga ni chombo cha shamba, na kila jamaa inalo mlangoni. Katika vita vyetu limekuwa chombo kingine. Nyumba ile yamkumbusha mtazamaji yote mawili, wala haimwambii achague lipi. Mwaka 2018 sanamu yake ya mwanamke, iitwayo kwa Kifaransa Porteuse de vies, maana yake mbeba maisha, iliwekwa huko Chaillot, Paris, ambako Tamko la Haki za Binadamu lilikubaliwa tarehe 10 Desemba 1948.

Maganda yana ugumu wake kwa fundi. Mengi ni ya shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye joto la digrii 907, kabla chuma hakijaanza hata kufikiria kuyeyuka, nao moshi wake mweupe humtia fundi homa na baridi usiku. Kwa hiyo afanyaye kazi hii hukaa mahali penye upepo, upepo ukimtoka mgongoni.

Twajua kwamba baadhi ya vijana wetu wakisoma haya watataka kujaribu. Wajaribu! Mnyororo wa baiskeli, plagi za motokaa, gia za mashini ya kusaga zilizokatika meno, visahani vya breki, misumari iliyopinda: vyote vyapatikana nyuma ya kila gereji kwa bei ndogo au bure. Wavae kioo cheusi cha kulehemia wala wasitazame moto kwa macho matupu, hata mara moja. Pipa au mkebe uliofungwa, uliokuwa na petroli au mafuta, usitiwe moto kabla ya kufunguliwa, kuoshwa na kujazwa maji, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Na vitu vya vita, hasa ninyi mnaokaa Kivu na Ituri, msiviokote kwa ajili ya sanaa. Ganda tupu na risasi nzima hufanana mno machoni pa mtoto. Guruneti lenye kutu ni baya kuliko jipya, kwa maana haijulikani ni kitu gani bado kinaizuia. Huko Msumbiji ilichukua mpaka Septemba 2015 kuisafisha nchi mabomu ya ardhini, miaka 23 baada ya mkataba wa Roma, na waliokuwa wakiyafukua walikuwa watu waliofundishwa. Ukikiona kitu cha namna hiyo shambani au njiani, usikiguse wala usikirushie jiwe. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama mbali nacho, waite wakubwa, nao wawaite wale wanaoijua kazi hiyo.